Buti Lilikuwa na Kila Kitu

Nati ya nne ilikataa.

Tatu za mwanzo nilizilegeza kwa kujitupa na uzito wangu wote kwenye spana, zikatoa mlio mkavu, zikaachia. Ya nne haikutikisika. Nikapanda juu ya spana kwa mguu mmoja, nikajishika kwenye paa la gari, nikadunda mara mbili. Mara ya tatu spana ikachomoka, ikanigonga muundi, na goti langu likatangulia kufika kwenye lami. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Manyunyu. Pancha ilikuwa ya gurudumu la nyuma, upande ule ule magari yanakopita, na kila lori lililotupita lilitusukumia upepo hadi gari likatikisika.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya gari akinimulikia kwa simu yake. "Pole, mwanangu," alikuwa akisema kila baada ya muda, kwa sauti ya mtu asiyetaka wasiwasi wake uonekane.

Kando, kwenye majani yaliyolowa, palikuwa na mabegi yetu yote. Nilikuwa nimeyashusha moja moja ili niifikie sakafu ya buti, maana jeki, spana na tairi la akiba vinakaa chini yake. Nilikuwa nimeshusha pia kasha langu la vifaa vya dharura, lile nililokuwa nikijisifia nalo kwa marafiki. Nililiweka juu ya begi la Mama ili lisilowe.

Sikulifungua.

Lori moja likapunguza mwendo, likawasha hazadi, likasimama mbele yetu mbali kidogo. Akashuka mzee mwenye ndara miguuni na kizibao cha kung'aa kifuani, mkononi bomba la chuma lenye urefu wa mkono wa mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hata gurudumu hakuliangalia. "Huyo aliyesimama nyuma ya gari ni nani?"

"Mama yangu."

"Na umemweka pale ayazuie magari?"

## Alichoanza nacho

Alimwendea Mama, akamsalimu, akamvusha mtaro na kumsimamisha juu ya tuta, mbali na lami. Akarudi akaniuliza pembetatu iko wapi. Nikamwonyesha kasha. Akalifungua yeye mwenyewe, akakuta pembetatu bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, akaichana kwa meno. Kisha akaondoka nayo akipita kwenye majani, uso ukielekea magari yanakotoka, pembetatu ameishika mbele ya kifua chake kama ngao. Nilimsikia akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika sitini na kitu sikumsikia tena.

Aliporudi ndipo alipoiangalia nati. Akalivisha bomba kwenye mkono wa spana, akasukuma kwa kiganja huku akinisimulia mvua aliyoiacha nyuma. Nati ikalia, ikaachia.

Tairi la akiba alilipiga kwa kisigino, likajibu kwa sauti ya mto wa usingizi. Halikuwa na upepo wa maana. Akavuta mpira kutoka kwenye tangi la upepo la lori lake, akalijaza, akanitazama nikifunga, akanirekebisha mara moja tu: nifunge kwa kuvuka, nati hii kisha iliyo mkabala nayo, si kwa kuzunguka.

"Haya. Mwendo wa taratibu. Mpeleke mama akapumzike."

Kazi nzima ilimchukua kama dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimepigana na gurudumu lile karibu saa zima.

Zimepita wiki sita. Muundi umepona, alama imebaki. Kilichokataa kupona ni lile swali la "umemweka pale ayazuie magari?" Limenifuata ofisini, limenifuata kitandani.

## Mtu wa vifaa

Mimi ni mtu wa vifaa, nikiri. Kuna watu wanaonunua viatu, mimi nanunua bisibisi. Usiku ule nyuma ya gari langu kulikuwa na nyaya za kubusti betri, kamba ya kuvutia gari, seti ya spana ishirini na tatu kwenye mkoba wake, mtungi wa kuzimia moto, kopo la dawa ya kuziba pancha, fyuzi za rangi zote, sanduku la huduma ya kwanza, tochi mbili, pembetatu, kizibao, glavu, utepe wa gundi na pawabenki. Angekuja mkaguzi ningepasi kwa alama zote.

Na mwanga uliotumika ulikuwa wa simu ya Mama, ambayo nayo ilibaki na chaji kidogo kabisa, simu ile ile ambayo tungehitaji kumpigia mtu.

Mwanzoni nilijitetea. Nilijiambia kosa ni la nati. Nikaamua kutafuta spana nzuri zaidi, na kweli nilikaa jioni mbili nikilinganisha spana kwenye intaneti, kwa ile raha ninayoijua sana ya kutibu aibu kwa kununua kitu. Nilipokuwa karibu kulipia ndipo likanijia: mzee yule hakuwa na kifaa hata kimoja nisichokuwa nacho, ukiondoa bomba na mpira wa upepo. Kizibao ninacho. Pembetatu aliyoitumia ni yangu.

Tofauti ni kwamba kizibao chake kilikuwa mwilini, changu kilikuwa ndani ya mfuko, ndani ya kasha, chini ya mabegi.

Sikununua spana. Nilishuka chini, nikafungua buti, nikaketi pembeni yake nikiwa na kikombe cha chai, nikaanza kukiuliza kila kitu swali moja: wewe unamsaidia nani, na atakufikiaje?

## Vinavyokaa na watu, si na mizigo

Jibu la kwanza lilinishangaza kwa jinsi lilivyo wazi. Nusu ya vifaa vile havikupaswa kuwa kwenye buti kabisa.

Kizibao cha kuakisi mwanga huvaliwa kabla ya kushuka, kwa sababu hatari inaanza unapofungua mlango. Ufaransa walipokifanya cha lazima mwaka 2008, pamoja na pembetatu, walisisitiza kwamba kikae sehemu ya abiria, dereva akifikie akiwa bado kwenye kiti. Nilipolisoma hilo nilijiona mjinga. Kumbe kuna watu walikaa mezani wakalifikiria tendo lenyewe, mkono unanyooka unashika nini. Mimi nilifikiria orodha.

Nyundo ndogo ya kuvunjia kioo, yenye wembe wa kukatia mkanda, nayo ilikuwa kwenye kasha. Fikiria gari limeingia kwenye maji, mkanda umekaza, na nyundo iko nyuma chini ya mabegi. Sasa iko pembeni ya kiti changu. Kioo cha mbele hakivunjiki kwa nyundo ile, kwa kuwa ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati; kinachopigwa ni kioo cha mlango, kwenye kona, si katikati. Baadhi ya magari mapya yana utando huo hata kwenye vioo vya milango ya mbele, kwa hiyo ni vizuri kusoma maandishi madogo kwenye kona ya kioo chako kabla ya kuiamini nyundo.

Mtungi wa kuzimia moto ulinipa shida zaidi. Ukiuweka wazi kwenye sakafu, siku ya kugonga utaruka kama jiwe. Ukiuweka kwenye buti, siku ya moto utakuwa unautafuta huku boneti inafuka moshi. Nimeufunga kwa bano lake mbele ya kiti cha abiria. Ni mtungi wa kilo moja wa poda, na poda ya kilo moja huisha kwa sekunde chache, hazifiki kumi. Kwa hiyo ni wa moto unaoanza tu. Boneti haifunguliwi wazi, inaachwa ilegee kidogo na poda inapulizwa kwenye upenyo, maana ukiifungua yote umeukaribisha upepo. Na ukiona moto umekolea, kazi ya dereva ni kuwaondoa watu mbali, gari liungue likitaka.

Nilipoutoa mtungi kwenye buti, mshale wa kipimo chake ulikuwa bado kwenye kijani, lakini niliupindua juu chini sikioni sikusikia kitu kikitembea. Poda ilikuwa imeshindiliwa na mtikisiko wa safari za miaka. Niliugonga kwa kiganja, nikaupindua tena na tena, mpaka nikaisikia poda ikimiminika ndani kama mchanga. Tangu siku hiyo naupindua kila nikiosha gari, kisha naurudisha kwenye bano lake.

Sanduku la huduma ya kwanza nalo limehamia chini ya kiti. Sababu ni moja: ukigongwa kutoka nyuma, buti linaweza kujikunja likakataa kufunguka, na ajali ya namna hiyo ndiyo siku unayolihitaji.

## Pembetatu, na wasiwasi wangu

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na sijui kama nimekwamuka.

Pembetatu ni kifaa cha ajabu kidogo. Yenyewe haikusaidii wewe, inamsaidia anayekuja, ambaye akisaidika hatakugonga. Lakini ili uiweke lazima utembee kando ya barabara gizani, mbali na gari lako, kuelekea magari yanakotoka. Yaani kifaa cha usalama kinaanza kazi kwa kukuweka hatarini.

Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unasema iwekwe angalau mita 45 nyuma ya gari, na unasema pia kwamba kwenye barabara kuu za mwendo kasi usiiweke kabisa. Hispania walikwenda mbali zaidi. Kuanzia Julai 2023 waliondoa ulazima wa kuziweka kwenye barabara kuu za kasi, na kuanzia Januari 2026 nafasi yake imechukuliwa na taa inayomweka, ambayo dereva anaibandika juu ya paa kwa kutoa mkono dirishani, bila kushuka.

Nikapiga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linameza karibu mita 28 kwa kila sekunde. Mita 45 zinaisha kwa sekunde moja na nusu hivi. Dereva akishtuka, mpaka mguu wake ufike kwenye breki, sehemu kubwa ya mita hizo imekwisha. Ndiyo maana mzee alipita hatua sitini na bado akaendelea.

Basi nimefanya hivi. Nimepata taa ya kumweka yenye sumaku, inakaa kwenye mfuko wa mlango wangu. Hiyo ndiyo ya kwanza. Pembetatu nimeibakiza, nimeitoa kwenye nailoni, nimejifunza kuikunjua (miguu yake ina mkao wake, ukiikosea inalala), na nitaitumia mahali penye majani au njia ya kando ya kutembelea, mchana au kwenye kona. Mahali pasipo na pa kutembea, sitashuka nayo. Kuna atakayeniambia sheria ya kwake haisemi hivyo. Inawezekana, na sheria ya unakoendesha ndiyo ya kuifuata. Wasiwasi wangu nimeueleza tu.

Kabla ya hayo yote kuna jambo nililolisahau usiku ule kwa kiherehere: kusogeza gari. Nilipohisi gari linavuta upande nilisimama pale pale. Mbele yetu, kama mita mia tatu, palikuwa na uwazi mpana kando ya barabara, nilipaona tulipoondoka. Ningetambaa hadi pale kwa mwendo wa miguu, hazadi zikiwaka, pengine ningeliharibu tairi ambalo tayari limeharibika, pengine na rimu. Nilikuwa nikiiokoa rimu.

Na Mama amesimama nyuma.

## Bomba

Sasa nati, kwa kuwa najua kuna wanaosubiri nati.

Spana inayokuja na gari langu ina mkono wa sentimita 25. Nati za gari dogo kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya kati ya newton-mita 100 na 120. Kwa mkono wa sentimita 25 hiyo ni kama kuning'iniza kilo 45 kwenye ncha. Inawezekana, ukitumia mguu. Lakini fundi akikaza kwa mashine ya upepo bila kupima, anaweza kufika maradufu, na hapo unatafuta kilo 90. Mimi nina kilo 68. Nati ya nne ilikuwa imenishinda kabla sijashuka kwenye gari.

Ongeza bomba mpaka mkono ufike sentimita 75, na nati ile ile inataka kilo 30 tu. Kiganja cha mzee mmoja anayepiga soga.

Nimekata kipande cha bomba kinachoingia vizuri kwenye mkono wa spana yangu. Nilikijaribu kwanza, maana vipande viwili vya mwanzo kimoja kilikuwa chembamba hakiingii, kingine kipana kinacheza. Bomba ni la kulegezea. Ukikazia nalo utakata boliti, au utamwachia mtu mwingine nati ya nne. Kukaza ni kwa spana yenyewe, kwa kuvuka, kisha unasimama baada ya kilomita hamsini hivi unazikagua tena.

Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, kabla ya jeki. Hilo nilijua. Nisilolijua ni kwamba jeki yangu kwenye udongo uliolowa huzama kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeingia kwenye maji ya uvuguvugu. Sasa nina kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake, na kabari mbili za mbao za kuzuia magurudumu mengine. Tairi linalotolewa naliingiza chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiponyoka gari lidondokee tairi, lisidondokee mkono wangu.

Kuna nati moja niliyoigundua nikiwa nakagua magurudumu yote manne mchana. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na nati isiyofanana na wenzake, ya kuzuia wezi, inayotaka ufunguo wake maalumu. Aliyeniuzia gari hakuwahi kuitaja. Nilitafuta ufunguo ule nusu siku. Ulikuwa kwenye kijidroo cha majivu ya sigara, kwenye gari la mtu asiyevuta. Pancha ingekuwa ya gurudumu hilo, hata mzee na bomba lake wangeniaga.

Na tairi la akiba. Nililibingirisha mpaka kwenye mwanga. Vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vilikuwepo, halijawahi kugusa lami kabla ya usiku ule. Nikajiona tajiri. Kisha nikasoma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wake: 3113. Wiki ya 31 ya mwaka 2013. Mpira huzeeka hata ukilala, na kwenye mikunjo karibu na rimu palikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu. Nimelibadilisha. Wenye lile tairi jembamba la muda wasome ubavuni mwake: mengi yanataka upepo wa psi 60, karibu maradufu ya tairi la kawaida, na hayatakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la sigara ndiyo kitu pekee kipya nilichojiruhusu kununua, ukiacha taa. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo wa mviringo.

## Nilivyovitoa

Kopo la dawa ya kuziba pancha lilikuwa limepita tarehe yake. Hata lingekuwa jipya, linaziba tundu dogo la msumari kwenye sehemu inayokanyaga lami. Ubavu uliochanika haulisikii.

Nyaya za kubusti nilizifungua kwa kisu upande mmoja. Nje nene kama kidole, ndani shaba chache kama uzi wa viatu. Stata ya gari inavuta ampea mia na zaidi. Nyaya za namna ile zinapata moto kabla injini haijashtuka. Nimepata nyingine fupi na nene za kweli. Mpangilio wake nimeuandika kwa kalamu kwenye mfuko wenyewe, kwa kuwa usiku kichwa changu hakiaminiki: chanya ya betri iliyokufa, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, na waya wa mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Cheche ya waya wa mwisho ndiyo inayoogopwa, maana betri hutoa gesi inayoshika moto. Kutoa ni kinyumenyume.

Seti ya spana ishirini na tatu imerudi nyumbani. Imenisikitisha, ni nzuri. Lakini nilijiuliza kwa ukweli ni tengenezo gani nitalifanya kando ya barabara, nikapata matatu: kukaza kichwa cha betri, kubadilisha fyuzi, kufunga kitu kinachoburuzika chini. Spana namba kumi, bisibisi ya pande mbili, plaizi, waya laini na utepe wa gundi. Vinaenea kwenye soksi moja, na kweli vimo kwenye soksi moja.

Pawabenki haikai tena kwenye gari. Gari lililoegeshwa juani linageuka tanuri, na betri za aina hiyo haziupendi moto. Nasafiri nayo mfukoni. Kwenye gari nimeacha waya wa kuchajia, na karatasi yenye namba za simu tano zilizoandikwa kwa wino, kwa kuwa niligundua siijui kwa kichwa hata namba ya ndugu yangu wa tumbo moja.

Lita tano za maji zimebaki. Ni za watu kwanza, za rejeta baadaye, na baadaye kwa maana ya injini imepoa hata mfuniko unashikika kwa mkono mtupu. Maji ya rejeta yanakaa chini ya mgandamizo, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko yanachemka yote kwa pamoja, usoni kwako.

## Glavu za kwanza

Sanduku la huduma ya kwanza nililifungua la mwisho. Nilikuwa naliogopa, nadhani.

Lilikuwa na plasta hamsini. Plasta za kila ukubwa, moja yenye picha ya dubu. Bandeji moja nyembamba. Mkasi ambao haukati karatasi. Dawa ya maji ya kusafishia vidonda iliyokauka ikabaki alama ya kahawia kwenye chupa. Mtu aliyelipanga sanduku lile alikuwa akiwaza watoto wanaocheza, si chuma na kioo.

Nimetoa plasta arobaini. Badala yake nimeweka pakiti kubwa za shashi, bandeji pana tatu, jozi nne za glavu, mkasi wa kukatia nguo na blanketi la karatasi ya fedha la kumzuia mtu asipoteze joto. Kazi kubwa ambayo mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuifanya kwa damu nyingi ni kukandamiza, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuchungulia. Nimejiandikisha mafunzo ya siku mbili. Nilikuwa nimebeba lile sanduku miaka minne bila kujifunza.

Glavu nimeziweka juu kabisa, ndizo za kwanza kushikwa.

## Jaribio

Jumamosi iliyopita, usiku, nilipakia mabegi yale yale, nikaegesha gari nyuma ya nyumba, nikazima taa za nje. Nikajiambia: pancha, nyuma, upande wa barabara. Nikaanza saa.

Dakika 47. Ningeona haya kuandika kama nisingekuwa nimekwisha kuandika mengine. Kumi zilikwenda kwa tochi ya kichwani, kwa sababu betri niliziweka kinyume. Sita zilikwenda kuitafutia jeki mahali pake, ile nukta chini ya ubavu wa gari penye chuma kigumu. Kwa vidole, gizani, kila mahali panafanana. Nimepaka rangi nyeupe kidogo pale.

Mara ya pili dakika 29. Nimebadilisha mpangilio: jeki, spana, bomba na ubao vimetoka chini ya sakafu, viko kwenye mfuko mmoja wa turubai uliofungwa ukutani mwa buti, mabegi yakae yanavyotaka. Ni tairi tu lililobaki chini.

Jana nilimpeleka Mama kwa dada yake. Kabla hatujaondoka nilimwonyesha kila kitu kwa kujidai kidogo, nikiwa nimeketi kwenye usukani bila kushuka: taa ya kumweka hii hapa, tochi hii, nyundo hii, mtungi ule pale mbele ya miguu yako. Nikachomoa kizibao kwenye mfuko wa mlango, nikakivaa juu ya shati, nikafunga zipu, sekunde nne. Nikamwambia usiku ule mzee alinifundisha, sasa nimejipanga.

Alinitazama nikiwa nang'aa.

"Vizuri mwanangu," akasema. "Na changu kiko wapi?"